Jokofu Likizimika, Mlango Ufungwe

Ndugu askari wa jeshi na polisi mlioko Kizuka na Rumonge, jokofu la kugandishia likizimika, hasara huanza kwa mkono unaofungua mlango ovyo. Jokofu lililojaa, likifungwa, hutunza baridi kwa muda wa saa 48 hivi. Lililojaa nusu, saa 24. Basi lifungeni.

Mukeke au nyama yenye chembe za barafu bado yaweza kugandishwa tena, au kupikwa mara moja. Iliyopita nyuzi 4 za joto kwa saa mbili itupwe, hata kama hainuki: moto huua vijidudu, lakini sumu za baadhi yao hazitoki kwa kuchemshwa. Afadhali kukosa kitoweo leo kuliko nyumba nzima kuugua kesho. Askari mgonjwa hashiki zamu.