Kusimamishwa Si Kufukuzwa



Tuseme kijana wa kijiji chetu anafanya kazi katika shamba la mkonge. Siku moja anaitwa ofisini. Anapewa barua ya Kiingereza. Yeye hajui Kiingereza, kwa hiyo anamwomba jirani amsomee. Jirani anaitazama barua, kisha anasema, "Pole, ndugu yangu. Umefukuzwa." Kijana anafunga virago na kurudi kwao.

Lakini jirani amekosea. Neno lililo katika barua ni "suspended". Maana yake ni kwamba kijana amesimamishwa kazi. Hajafukuzwa.

Maana ya neno

Neno hili lina asili ya Kilatini. Maana yake ya zamani ni kutundika. Fikiri juu ya jembe lililotundikwa ukutani. Jembe hilo halilimi, lakini halijatupwa. Mwenyewe anaweza kulishusha akalime tena. Ndivyo alivyo mtu aliyesimamishwa. Kwa sasa hafanyi kazi, lakini bado ni mfanyakazi.

Waingereza hulitumia neno hili pia kwa mwanafunzi aliyesimamishwa masomo, na kwa mchezaji wa mpira aliyefungiwa kwa sababu ya kadi nyekundu. Mchezaji huyo hukosa mchezo, kisha hurudi uwanjani.

Kwa kuachishwa au kufukuzwa kazi wana maneno mengine. Maneno hayo ni "terminated" na "dismissed". Yatazame vizuri. Usiyachanganye na "suspended".

Sheria inasemaje?

Tanzania ilitunga Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini mwaka 2004. Kanuni zake za utendaji bora zilitolewa mwaka 2007. Kanuni hizo zilieleza kwamba mfanyakazi anayetuhumiwa kosa kubwa anaweza kusimamishwa wakati wa uchunguzi. Hata hivyo, alipwe mshahara wake wote. Akiitwa kwenye kikao cha nidhamu, apewe muda wa kujitayarisha usiopungua saa 48. Anaweza kwenda na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake.

Sasa mfikirie kijana wetu. Anaitwa kwenye kikao, lakini hayupo. Hakuna wa kumsemea. Anaweza kufukuzwa kweli, kwa sababu ya neno moja lililosomwa vibaya.

Ufanye nini?

1. Ukipewa barua usiyoielewa, omba uelezwe kwa Kiswahili.
2. Uliza: "Nimesimamishwa, au nimeachishwa kazi?"
3. Ukitakiwa kutia sahihi, uliza kwanza unatia sahihi jambo gani.
4. Tazama tarehe, na itunze barua.
5. Usiondoke bila kuacha anwani au namba ya simu.
6. Ukiachishwa kazi bila haki, peleka malalamiko yako Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kanuni za mwaka 2007 ziliweka muda wa siku 30. Usichelewe.

Kusoma ni ngao. Barua ikija, isome mwenyewe, na uulize usichokijua. Kuuliza si ujinga.

Maswali ya kujadiliana

1. Kusimamishwa na kufukuzwa kuna tofauti gani?
2. Kijana wetu angefanya nini kabla ya kufunga virago?
3. Je, umewahi kupewa barua usiyoielewa? Ulifanya nini?