Je, Wajua? Kibao cha "Mbwa Mkali" Kinamsema Mwenye Nyumba

Utakikuta kwenye mageti mengi, Dar es Salaam hata Nairobi: kipande cha bati kilichopakwa chokaa, kichwa cha mbwa aliyetoa meno, na maandishi mekundu MBWA MKALI. Nairobi mara nyingi wameandika MBWA KALI, na ujumbe unafika vilevile. Mpita njia anaelewa kwamba ndani kuna mnyama wa mbegu fulani, German Shepherd au Rottweiler, aliyezaliwa na ukali wake. Wahenga hawakuliona hivyo. Walisema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, yaani walianza kumtazama msasi.

Je, wajua kwamba mbegu ya mbwa haikwambii mengi kuhusu tabia yake? Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Marekani ukihusisha mbwa zaidi ya 18,000. Wenye mbwa walijibu maswali kuhusu mienendo ya wanyama wao, na vinasaba vya baadhi ya mbwa hao vikapimwa. Mbegu ilieleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Masikio, rangi na urefu wa manyoya ni mambo ya kurithi. Kama mbwa huyu atamrukia mgeni au atamlamba mkono, hilo huwezi kulisoma usoni mwake.

Mwaka mmoja kabla, watafiti wa Helsinki walichambua habari za mbwa zaidi ya 9,000 wa Finland. Aliyeongoza kwa ukali kwa binadamu alikuwa Rough Collie, yule mwenye manyoya marefu aliyependwa na dunia nzima kwa filamu za Lassie. Nyuma yake alikuja poodle mdogo. Labrador na Golden Retriever walikuwa wapole kuliko wote. Jambo moja pale lingefaa kubandikwa kwenye kila geti: mbwa waoga ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wakali. Yule anayefoka nyuma ya wavu huku akirudi kinyumenyume anaogopa.

Ila tusidanganyane. Ukubwa una maana yake. Ukiumwa na mbwa mdogo, jeraha mara nyingi huwa dogo. Ukiumwa na Rottweiler unaweza kufa. Marekani, kati ya 1979 na 1998, watafiti walihesabu vifo 238 vya watu walioshambuliwa na mbwa ambao mbegu yao ilitajwa. Zaidi ya nusu vilihusisha mbwa wa aina ya pit bull na Rottweiler. Hata hivyo mbegu zilizohusika zilikuwa nyingi, na kwa jumla, pamoja na hizo mbili, zilifika 25. Anayesema mbwa wote ni sawa hajawahi kushika kamba ya mbwa wa kilo 50.

Basi nini kinachomgeuza mbwa mwenye nguvu kuwa muuaji? Uchunguzi mwingine wa Marekani ulifuatilia vifo 256 vya kati ya 2000 na 2009, kisa kwa kisa. Katika asilimia 84 ya visa, mbwa hakuwa amehasiwa. Katika asilimia 76, mbwa alikuwa akifugwa kando, mbali na maisha ya kila siku ya watu wa nyumba ile. Alikuwa wa nyumbani, lakini hakuwa mmoja wa nyumbani.

Takwimu hiyo ya pili ilinirudisha mtaani kwetu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kulikuwa na banda la mbao na wavu, lisilozidi hatua mbili kwa tatu. Mbwa alifungiwa humo alfajiri na kufunguliwa usiku, geti likishafungwa. Dona lililochanganywa na vichwa vya dagaa lilisukumwa chini ya mlango kwa mpini wa fagio, maana hakuna aliyethubutu kuingiza mkono. Alikuwa amezunguka mlemle hata ardhi ikachimbika mfereji wa duara. Watoto tulipotoka shule tulipitisha kijiti kwenye wavu, trrrr, tukacheka akirukaruka. Siku moja komeo likasahauliwa, na mtoto aliyetumwa kuazima kinu akang'atwa paja. Mtaa mzima ulisema: "Rottweiler yule, mlitegemea nini?" Hakuna aliyelitaja banda. Hakuna aliyevitaja vijiti vyetu. Mimi nilikuwa miongoni mwa wale watoto, na bado inaniuma.

Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayomtaka mfugaji ampe mnyama wake chakula, maji, makazi yanayofaa na nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili. Lile banda halikumpa hata nafasi ya kukimbia.

Je, wajua kwamba wiki chache za utotoni ndizo zinazoamua mengi? Wanasayansi John Paul Scott na John Fuller, waliofanya kazi Bar Harbor, Marekani, walionyesha kwamba takriban wiki ya 3 hadi ya 12 ndicho kipindi ambacho mtoto wa mbwa hujifunza nani ni wa kuaminika. Anayeshikwashikwa wakati huo, akasikia kelele za bodaboda, akaona watoto, wazee na mtu mwenye mwavuli, hukua akijua hao ni sehemu ya dunia. Anayefungiwa peke yake hukua akiamini kila kisichokuwa banda ni adui. Kwetu wapo wanaomfungia makusudi katika wiki hizohizo, "asizoeane na watu, aje awe mlinzi." Wanachopata ni mwoga mwenye meno. Mlinzi mzuri anajua kumtofautisha mgeni wa mchana na mwizi wa usiku, na hawezi kuijua tofauti hiyo kama hajawahi kumwona mgeni.

Jina baya la mbegu nalo huhama. Katika karne ya 19 Wamarekani waliwaogopa bloodhound. Mwaka 1929 Australia ilipiga marufuku kuingiza German Shepherd, na katazo hilo likadumu zaidi ya miaka 40. Kisha hofu ikamhamia Doberman, mbegu iliyoanzishwa na Karl Friedrich Louis Dobermann wa Apolda, Ujerumani, mtoza kodi aliyetaka mbwa wa kumlinda katika kazi yake. Baadaye ikaja zamu ya pit bull, ambaye watu husema taya zake zikifunga hazifunguki. Si kweli: taya zake zimeumbwa kama za mbwa mwingine yeyote.

Uholanzi ilimpiga marufuku pit bull mwaka 1993, ikafuta katazo mwaka 2008 baada ya kuona watu waliendelea kuumwa vilevile. Uingereza ina sheria ya mbwa hatari tangu 1991, yenye orodha ya mbegu nne zilizokatazwa, kisha mbwa wa aina ya XL Bully akaongezwa mwishoni mwa 2023. Hata hivyo, kati ya 1998 na 2018 kiwango cha watu wazima waliolazwa hospitalini England kwa kuumwa na mbwa kilipanda. Sheria ilikamata sura, na mikono iliyoshika kamba ikabaki ileile.

Mwaka 2007, mchezaji nyota wa kandanda ya Kimarekani, Michael Vick, alipopatikana na hatia katika kesi ya kupiganisha mbwa, pit bull wapatao 50 walikuwa wamechukuliwa kwenye shamba lake huko Virginia. Wengi walidhani watauawa wote. Karibu wote waliokolewa, 22 kati yao wakapelekwa kwenye kituo cha wanyama huko Kanab, Utah, na wengi wakaishia kwenye sebule za watu, pamoja na watoto na paka.

Pwani yetu, ambako Waislamu wengi ni wa madhehebu ya Shafi na mate ya mbwa ni najisi, watoto wengi hukua bila kumjua mbwa ila kwa jiwe. Lakini madrasa hizohizo hufundisha hadithi ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mtoto anaweza kuepuka mate na bado akafundishwa kusoma ishara. Mkia unaotikisika si furaha kila mara: watafiti wa Italia walionyesha mwaka 2007 kwamba mbwa akimwona mfugaji wake mkia huelemea kulia, na akiona mbwa mgeni mbabe huelemea kushoto. Kupiga mwayo bila usingizi, kulamba pua, kukakamaa, weupe wa jicho kuonekana, yote ni maombi ya kuachwa. Na mbwa anayenguruma usimpige. Ukimpiga kwa kunguruma, siku nyingine atauma kimya. Akikujia, usikimbie, simama kama mti, mikono chini, usimkazie macho.

Akikuuma, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakuna anayepona, na asilimia 99 ya wanaokipata hukipata kwa mbwa. Kukizuia kunahitaji kuchanja walau asilimia 70 ya mbwa wote wa eneo, wawe Rottweiler au mbwa koko. Pemba walikimaliza mwaka 2014, kikarudi mwaka 2016, wakachanja tena, na kikakatika Oktoba 2018. Siku ya chanjo watoto ndio huja mbele na mbwa wao, wengine wamewafunga kwa kamba ya katani, wengine kwa kipande cha kanga, mmoja kambeba mbwa wake kifuani kama mtoto mchanga, kichwa kikining'inia begani, akimnong'oneza asiogope sindano.