Mguu Gani Ulitangulia?

Kengele ya mapumziko ikilia katika shule za Kisangani, wavulana hukimbilia mpira. Wasichana, mashati meupe na sketi za buluu, huvua viatu na kujipanga mistari miwili inayotazamana, na dakika haijaisha wimbo umeshapamba moto. Makofi yanapigwa kwa mpigo mmoja. Kutoka kila mstari anatoka mmoja. Wanasogeleana, wanaruka, wanaruka tena, na pigo la mwisho likianguka kila mmoja anatupa mguu mmoja mbele. Upande mmoja unalipuka kwa vigelegele. Upande wa pili haukubali hata kidogo: “Hapana! Wewe ulitosha mguu nyuma yangu!”

Hiyo ndiyo nzango, mchezo wa wasichana na wanawake wa Kongo zote mbili, unaochezwa bila mpira, bila wavu na bila goli. Mgeni anayeiona mara ya kwanza hudhani ni ngoma. Akikaa robo saa hutambua kwamba anatazama pia kesi, maana kila pointi yenye uzito ina mlalamikaji, mlalamikiwa, mashahidi wasiotulia na mtu mmoja anayesubiriwa aseme.

Kanuni yenyewe ni fupi. Wawili wakitazamana, mguu wa kulia wa mmoja huwa mkabala na wa kushoto wa mwenzake. Huyu akitoa wa kulia na yule akatoa wa kushoto, miguu inaelekeana. Wote wakitoa wa kulia, au wote wa kushoto, miguu inapishana. Kabla ya kuanza kila upande unajua chakula chake: sisi tunakula miguu ikielekeana, ninyi mnakula ikipishana. Mtoto wa miaka sita anaelewa hesabu hiyo, na mama wa miaka hamsini bado anaweza kushindwa nayo, kwa sababu ushindi uko katika kumsoma mpinzani: bega gani limeshuka, uzito umelalia upande gani, mara mbili zilizopita alitoa mguu upi. Hodari huangusha bega la kushoto makusudi kisha akatoa mguu wa kulia, na mwenzake akabaki ameduwaa huku wimbo ukimcheka.

Ugomvi nao unazaliwa hapohapo. Miguu inatakiwa itoke pamoja. Anayechelewa kidogo tu ameshauona wa mwenzake na amechagua akijua. Huo ni wizi, na huitwa hivyo waziwazi. Kuna anayeinua mguu mmoja, akaona mambo yameharibika, akaubadilisha ungali hewani. Kuna anayesita katikati, miguu yote chini, kisha akadai kisigino chake cha kushoto kilishatoka. Na kuna yule anayeruka kabla ya wakati, akitaka mpinzani aonekane ndiye aliyechelewa. Huyu wa mwisho ndiye mgumu kuliko wote kumkamata, kwa sababu kosa lake huvaa sura ya kosa la mwenzake.

Kazi ya kumkamata hufanywa na wimbo. Makofi na kiitikio huweka mpigo ambao kila aliyeko uwanjani anaujua mwilini, na mguu unatakiwa uangukie juu ya mpigo huo. Anayewahi au kuchelewa husikika kabla hajaonekana. Nyayo mbili zikigusa udongo mgumu pamoja hutoa kishindo kimoja. Mmoja akisubiri, vinasikika viwili. Kwa hiyo mwamuzi anayeijua kazi yake hutega sikio kama anavyotega jicho. Kwenye mchanga wa kando ya mto kishindo hufifia, na kesi huwa nyingi zaidi.

Mtaani hakuna anayemteua mwamuzi huyo. Aghalabu ni msichana mkubwa kidogo, yaya, yaani dada mkubwa, wa mmoja wa wachezaji, aliyesimama hapo kwa shughuli nyingine: anasubiri maji, au anasukwa nywele na sasa zimesukwa nusu. Akiitwa hasimami nyuma ya timu yoyote. Anakwenda pembeni, usawa wa katikati ya mistari miwili, anachuchumaa, macho chini. Nyuso hazitazami kabisa, na ana sababu: huko juu kuna maigizo matupu, ushahidi uko kwenye vidole vya miguu.

“Yaya, huyu alichelewa.”

“Nilisikia mbili. Murudilie.”

Kurudia ndiyo dawa ya kwanza, na ndiyo inayopendwa kwa kuwa haimwaibishi mtu. Lakini si dawa ya kunywa kutwa nzima. Msichana yuleyule akisikika “mbili” tena, pointi inakwenda kwa mwenzake, na safari hii kelele za upande wake huwa ndogo, maana wao pia wana masikio.

Ukisikiliza mabishano hayo kwa makini, yamebeba maswali ya aina mbili, na wasichana huyatenganisha bila kufundishwa na mwanasheria yeyote. La kwanza ni nini kimetokea: mguu gani, lini, umegusa au haukugusa. Hilo ni la yule aliyechuchumaa. Akishasema, limekwisha, hata kama mistari yote miwili inaapa vinginevyo. La pili ni kanuni inasemaje juu ya kilichotokea: mguu uliobadilishwa hewani unahesabiwa ule wa kwanza au wa mwisho? Hilo ni la wote. Hata mdogo kuliko wote, aliyewekwa mwishoni mwa mstari kwa kuhurumiwa, anaweza kusema, “Jana mulihesabia dada ule wa mwisho,” na yaya akalazimika kumsikiliza.

Waamuzi wa softball, mchezo uliozaliwa Chicago mwaka 1887 na ambao katika eneo letu una wenyewe Uganda na Kenya zaidi kuliko ukingoni mwa mto Kongo, wana mpaka huohuo, ila wao wameuandika kitabuni. Kocha hawezi kukata rufaa kwamba mwamuzi hakuona vizuri. Anaweza kukata rufaa kwamba mwamuzi ametumia kanuni isiyohusika, tena aseme kabla mpira unaofuata haujarushwa. Na swali linalowagombanisha kila wiki ni ndugu wa damu wa swali la nzango: mkimbiaji na mpira vikifika kwenye kituo pamoja, nani amewahi? Mashabiki hujibu kwamba sare ni ya mkimbiaji, kana kwamba sheria inaitaja sare. Sheria inauliza tu kama mpira ulimtangulia. Kama haukumtangulia, mkimbiaji amesalimika, na hapo mwamuzi mzuri huangalia mguu unaokanyaga kituo huku akisikiliza mpira ukigonga glovu.

Kandanda nayo inakubaliana na waamuzi hao kuhusu wakati. Kwa Sheria ya 5, refa anaweza kutengua uamuzi wake mradi mchezo haujaanza tena. Ukishaanza, ameufungia mlango. Katika nzango mlango huo ni mruko unaofuata. Mwenye neno aliseme wakati wimbo umesimama. Akishapiga makofi na kuruka tena ameikubali pointi iliyopita, na atakayeirudia baadaye ataambiwa aende akamweleze mama yake.

Wakongomani wanajua vizuri kinachotokea mpaka kati ya kilichotokea na kanuni unapochanganywa, kwa kuwa waliyaona mambo yote mawili ndani ya siku nne, mbele ya dunia nzima. Mwaka 1974 Zaire, kama Kongo ya Kinshasa ilivyoitwa wakati ule, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika iliyo kusini mwa Sahara kufika fainali za Kombe la Dunia. Tarehe 18 Juni, mjini Gelsenkirchen, dhidi ya Yugoslavia, Mwepu Ilunga wa Zaire alimpiga teke refa Omar Delgado wa Kolombia wakati wa mabishano. Refa aligeuka, akamtoa kwa kadi nyekundu Ndaye Mulamba. Ndaye, ambaye miezi michache kabla alikuwa amefunga mabao 9 katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, rekodi ambayo haijavunjwa, alitoka uwanjani kwa kosa la mwenzake. Zaire ikafungwa 9 kwa 0.

Tarehe 22 Juni, uwanja uleule, Brazil walipata mpira wa adhabu. Kabla hawajapiga, Mwepu alichomoka kwenye ukuta akaubutua mpira mbali. Refa Nicolae Rainea wa Romania akamwonyesha kadi ya njano, na watangazaji wakacheka: Waafrika hawajui hata kanuni. Picha hiyo imekuwa ikirudiwa kwa miaka na miaka kama kichekesho. Baadaye Mwepu alieleza kwamba kanuni aliijua vizuri na alifanya makusudi, kwa hasira dhidi ya wakubwa waliowanyima wachezaji malipo yao.

Yaweke matukio hayo mawili mbele ya yule yaya aliyechuchumaa. Katika la kwanza hakuna aliyebishania kanuni: anayempiga refa teke anatoka. Kosa lilikuwa la jicho, na jicho la refa halikuwa na rufaa, hata lilipomwona Ndaye mahali pa Mwepu. Katika la pili kila mtu aliona kilichotokea. Kilichobaki ni kama mtendaji aliijua sheria. Dhuluma ilikuwa katika la kwanza, lakini dunia ilichagua kulikumbuka la pili, na kulikumbuka vibaya. Mwepu alifariki mwaka 2015, Ndaye mwaka 2019, na bado ukiuliza juu ya Zaire ya 1974 utasimuliwa mpira wa adhabu kabla ya kadi nyekundu.

Kisangani ina sababu yake ya kuwa na mabishano mengi kuliko kijiji cha ukoo mmoja. Mji huu ni wa watu waliokuja. Kiswahili kilifika kwenye maporomoko ya mto hapa na misafara ya wafanyabiashara wa mashariki. Mwaka 1887 mfanyabiashara mkubwa kati yao, Tippu Tip mwenyewe, alifanywa gavana wa Stanley Falls, kama mahali hapa palivyoitwa, kwa makubaliano na Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Kilingala kilipanda na mto kutoka magharibi. Wagenia walikuwapo na mitego yao ya samaki kwenye maji yanayochemka, na miaka iliyofuata ilileta wageni wengine. Leo mji una komuni sita: Makiso, Tshopo, Mangobo, Kabondo, Kisangani na Lubunga, hii ya mwisho ikiwa peke yake ng'ambo ya kushoto ya mto. Wasichana wanaokutana kwenye mstari mmoja wa nzango wamejifunza kwa mama wasiotoka mahali pamoja, na kila mmoja anaamini kwamba kanuni ya mamake ndiyo kanuni. Wimbo unaweza kuanza kwa Kiswahili, ukaitikiwa kwa Kilingala, na mzozo ukamaliziwa kwa Kifaransa cha darasani, hasa na yule anayetaka kuonekana msomi.

Walikuja pia watu wa kuandika. Nzango ikapewa mashirikisho, uwanja wenye mistari, jezi, wachezaji 11 kila upande na vipindi viwili vya dakika 25. Mwaka 2015 ikaingia katika Michezo ya Afrika iliyofanyika Brazzaville. Si jambo dogo kwa mchezo uliokuwa ukifukuzwa uani kwa sababu ya kelele. Kitabu kimemaliza ugomvi mwingi wa aina ya pili: kwenye uwanja huo hakuna tena anayeuliza jana mlihesabu vipi. Ugomvi wa aina ya kwanza hakikuupunguza. Mguu uliochelewa nusu sekunde umechelewa vilevile mbele ya filimbi, na refa mwenye jezi bado anahitaji sikio la yule yaya mwenye nywele nusu.

Kuna pia nzango ya watu wazima, na hiyo ndiyo yenye kesi tamu. Karibu na tarehe 8 Machi wanawake wa ofisi, wa masoko na wa vyama hujifunga vikwembe vya sare na kuchezeana. Hapo mchezaji ni mkurugenzi, aliye mbele yake ni karani wake, na mwamuzi ni binti aliyeajiriwa mwaka juzi. Mkurugenzi akichelewesha mguu, uwanja mzima unasikia vishindo viwili na uwanja mzima unanyamaza. Binti hawezi kumwambia mkubwa wake kuwa ameiba. Anashika mikono kwa adabu, anainama kidogo: “Mama, pole, ilikuwa mbili.” Mama mwenye busara hucheka na kurudia. Asiye na busara hudai kwamba goti lake lina maumivu, na kwa kuwa goti halimo katika kanuni yoyote, mabishano huanza upya kutoka mwanzo.

Kanuni za kitabu, hata hivyo, hazivuki mto kirahisi. Wasichana wa Lubunga wakipanda mtumbwi kwenda kuchezeana na wa Mangobo, nusu saa ya kwanza huenda kwa mazungumzo kabla mtu hajaruka. Mguu unahesabiwa ukiinuka, au mpaka uguse chini? Anayeanguka amepoteza pointi, au amepoteza zamu tu? Aliyeshinda anabaki kumkabili wa pili, au anarudi nyuma ya mstari? Wasipoelewana hugawana: kipindi cha kwanza kinakwenda kwa kanuni za wenyeji na cha pili kwa kanuni za wageni, na mwamuzi anatakiwa akumbuke yuko kipindi gani.