Mshubiri nyumbani: Utunze vizuri, uutumie kwa tahadhari

Pita mtaa wowote wa mjini leo, hukosi kuona mshubiri. Umekaa barazani ndani ya kopo la rangi, au uwani kando ya mahali pa kutawadhia, au dirishani jikoni. Wengine wanauita alovera, wengine shubiri, na wazee wanautaja zaidi pale wanapotaka kueleza uchungu. Karibu kila mwenye nao atakwambia kuwa ni dawa. Ukimuuliza ni dawa ya nini, atakutajia maradhi kumi kwa mkupuo. Ukimuuliza kwa nini majani yake yamelegea na kuoza chini, hana jibu. Makala haya yanahusu mambo hayo mawili: namna ya kuutunza mmea huu, na mipaka ya kuutumia.

Kwanza uhakikishe ulichonacho ni mshubiri kweli. Ipo mimea mingi ambayo majani yake manene hutoka chini kwenye shina fupi na kujipanga kwa duara kama ua la waridi. Mishubiri peke yake ina aina zaidi ya 500, na nyingi ni za hapa kwetu Afrika. Ile tunayoiita alovera asili yake ni Bara Arabu, na ndiyo iliyotapakaa duniani kwa kupandwa na watu. Majani yake ni ya kijani kilichofifia, yana miiba midogo pembeni, na yakiwa machanga huwa na madoa meupe. Ua lake ni la njano. Mishubiri mingi ya porini kwetu ina maua mekundu au ya rangi ya chungwa. Usiichukue hiyo ukaifanya dawa, kwani baadhi ya aina zake zina sumu. Isitoshe, nchini Kenya uvunaji wa mishubiri ya porini ulipigwa marufuku mwaka 1986 kwa sababu ilikuwa ikimalizwa.

Mmea mwingine unaowapotosha watu ni mkonge wa mapambo. Huu ni ndugu wa mkonge wa katani, ambao Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanganyika mwaka 1893 kutoka Florida, Marekani. Kwa mbali unafanana na mshubiri, lakini ncha ya jani lake ina mwiba mgumu kama sindano, na ukilivunja jani unakuta nyuzi. Jani la mshubiri halina nyuzi. Ndani yake mna nyama laini inayoteleza. Tofauti hii si ya kitaaluma tu. Maji ya mkonge yana chembe kali zinazochoma ngozi, na mtu akijipaka usoni akidhani ni alovera atawashwa na kuvimba.

Jina lenyewe la shubiri tumelipata kutoka Kiarabu, sabir. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba mtu mmoja aliyekuwa safarini kwenda Makka, naye yumo katika ihram, aliumwa macho. Akatuma kumuuliza Aban bin Uthman afanye nini. Aban akamwelekeza ayatibu kwa sabir, akasimulia kutoka kwa baba yake, Uthman bin Affan (r.a.), kuwa hayo ndiyo aliyoyaelekeza Mtume (s.a.w.) kwa mtu aliyepatwa na tatizo hilo. Wanazuoni wamechukua hapo hukumu kuwa dawa isiyo na manukato haimharibii mwenye ihram. Lakini ndugu msomaji, usifanye haraka kukata jani la barazani ukajikamulia machoni. Jani hilo lina vumbi, lina vimelea, na utomvu wake unawasha. Macho yakiuma leo, wapo waganga wa macho na zipo dawa safi, na kujitibu nazo ni katika kufuata amri ya kutafuta tiba.

Tuje kwenye upandaji. Mshubiri hauhitaji mbegu. Ukikomaa huzaa watoto pembeni, na hao ndio wa kupanda. Subiri mtoto afikie urefu wa kiganja, kisha umtenganishe na mama kwa kisu safi ukijitahidi abaki na mizizi yake. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanampanda saa ile ile na kummwagia maji. Mwache kivulini siku mbili au tatu mpaka jeraha likauke, ndipo umpande, na usimwagie maji kwa muda wa wiki moja. Jeraha bichi kwenye udongo wenye maji ni mlango wa kuoza.

Chombo chochote kinafaa madhali kina matundu chini. Chungu cha udongo ni bora kuliko plastiki kwa sababu kinapumua. Makopo yaliyokuwa na dawa za kuulia wadudu yasitumike kabisa, hata yakioshwa mara saba. Udongo uwe mwepesi. Changanya udongo wa bustani sehemu moja, mchanga wa mtoni sehemu moja, na kokoto ndogo au vipande vya tofali nusu sehemu. Kwa wakazi wa pwani nasisitiza: mchanga wa baharini una chumvi, usiutumie. Samadi iliyooza vizuri kiasi cha konzi moja yatosha kwa mwaka mzima. Ukiulisha sana unanenepa kwa maji na kulegea.

Jua unalipenda, ila usiutoe ndani ukaubwaga juani saa sita mchana. Uzoeshe kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili. Ukiona majani yamegeuka mekundu au kahawia, ama jua limezidi ama umekaa na kiu muda mrefu. Yakiwa marefu, membamba na yamelala chini, mwanga hautoshi.

Sasa maji, na hili ndilo linaloua mishubiri mingi kuliko jambo lolote. Mmea huu umeumbwa kwa ajili ya nchi kavu. Mimea mingi hufungua vitundu vyake vya kupumulia mchana. Mshubiri huvifungua usiku, wakati hewa imepoa, ili usipoteze maji. Kwa hiyo maji uliyoupa leo unayatumia kwa siku nyingi. Chomeka kidole kwenye udongo hadi pingili ya pili. Ukihisi unyevu, uache. Ukihisi ukavu, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha usirudi tena kwa siku 10 hadi 14. Wakati wa masika uusogeze chini ya upenu.

Utaona sasa kwa nini mshubiri uliowekwa kando ya mahali pa kutawadhia huoza. Watu watano wanatawadha mara tano kwa siku, na kila mmoja anauelekezea maji akidhani anapata thawabu. Maji ya udhu hayana ubaya kwa mmea. Ni twahara, na kuyakinga katika beseni ukamwagilia nayo ni bora kuliko kuyaacha yapotee. Lakini yawe yale yasiyo na sabuni, na yatolewe kwa zamu yake. Mboga na miti mingine itakushukuru kwa yanayobaki.

Liko jambo la afya ya nyumba nzima ambalo wapenda maua hulisahau, nalo ni ile sahani tunayoweka chini ya chungu. Mbu aina ya Aedes, wanaoambukiza homa ya dengi, hawahitaji bwawa. Kijiko kadhaa cha maji safi yaliyotulia kinawatosha. Homa hiyo ilisumbua sana Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, na mbu hawa huuma mchana, wakati hakuna aliye ndani ya chandarua. Kutoka yai hadi mbu kamili ni kama siku 7 hadi 10. Kumwaga maji peke yake hakutoshi, kwa sababu mayai hugandamana ukutani mwa sahani na yanaweza kukaa miezi mingi katika ukavu yakingoja maji. Sahani isuguliwe kwa brashi kila wiki, au iondolewe kabisa. Angalia pia katikati ya majani. Maji yakituama pale, hasa kwenye mkonge wa mapambo ambao majani yake hushika maji zaidi, inamisha chungu yamwagike.

Mshubiri ukianza kuoza, majani ya chini hulainika, hupauka kama yaliyochemshwa, na hutoa harufu. Ung'oe, kata mizizi yote iliyolainika, uache ukauke siku kadhaa, kisha upande upya katika udongo mkavu. Vidudu vyeupe kama pamba vikijificha katikati ya majani, vifute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Ukiona na sisimizi wanapanda na kushuka, ujue vidudu hivyo vipo hata kama hujaviona, kwani sisimizi hufuata utamu wanaoutoa. Majani yakiota uvimbe wa ajabu kama majipu, hiyo ni kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Kata sehemu hiyo uichome moto.

Katika matumizi, jani la mshubiri lina vitu viwili vilivyo mbalimbali, na kutojua hili ndiko kunakoleta madhara. Chini tu ya ganda kuna utomvu wa njano, mchungu, na huo ndio shubiri yenyewe. Katikati mna nyama nyeupe inayong'aa kama barafu. Nyama hii ndiyo ya kupaka ngozini. Kata jani la nje lililokomaa, lisimamishe wima kwenye bakuli robo saa utomvu wa njano uchuruzike, lioshe, limenye kwa kisu safi, kisha uoshe nyama tena. Kabla ya kujipaka mahali pengi, jaribu sehemu ndogo ndani ya mkono na ungoje siku moja. Wapo ambao ngozi zao hazielewani nao.

Kwa kuungua kidogo au ngozi iliyobabuka kwa jua, nyama hiyo hupoza na kusaidia. Lakini mtu akiungua, jambo la kwanza ni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, wala si jani. Kidonda kikubwa, cha kina, cha usoni, au cha mtoto mdogo kipelekwe hospitali bila kupakwa kitu, iwe alovera, dawa ya meno au unga.

Kunywa ni habari nyingine. Utomvu wa njano ni haluli kali. Unaendesha tumbo, unasokota, na ukitumiwa kwa muda mrefu unapunguza madini mwilini. Mwaka 2002 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza dawa za haluli zenye shubiri zinazouzwa bila cheti cha daktari ziondolewe au zitengenezwe upya bila shubiri. Mwaka 2016 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani ilichapisha tathmini inayoiweka dondoo ya jani zima la alovera katika kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani, hasa kwa yaliyoonekana kwa panya waliopewa. Mwenye mimba asiinywe. Anayetumia dawa za kisukari asiichanganye nazo bila kumwambia daktari, kwani sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Na anayekwambia uache dawa za shinikizo la damu au za kupunguza makali ya VVU ukanywe glasi ya alovera, anakuhatarisha.

La mwisho ni kwa akina mama, na hili limo majumbani mwetu tangu zamani: kupaka shubiri kwenye chuchu ili mtoto aache ziwa. Mtoto haoni uchungu tu kisha akakimbia, anameza. Utomvu ule unaoendesha tumbo la mtu mzima huingia katika tumbo la mtoto wa kilo kumi. Allah (s.w.) katika Suratul Baqara, aya ya 233, ameeleza kunyonyesha kwa miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na kuachisha kabla ya hapo kuwe kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Punguzeni ziwa taratibu, mlo mmoja baada ya mwingine kwa wiki kadhaa, na baba ashike zamu ya kumbembeleza usiku. Ikiwa tayari ameshalambishwa na anaharisha, osha chuchu vizuri, endelea kumnyonyesha, na mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti kutoka dukani au zahanati. Macho yakididimia, akilia bila machozi, au akipitisha saa sita bila kukojoa, mpeleke hospitali usiku huo huo.