MUUZA VITAMBAA ALIYEWATOA JASHO WASOMI

Wiki hii nawaletea jamaa mmoja ambaye mimi, mtu wa kidato cha nne tu, namvulia kofia. Anaitwa Antoni van Leeuwenhoek, mzaliwa wa Delft, Uholanzi, mwaka 1632. Chuo kikuu hakukanyaga, Kilatini cha wasomi hakukijua. Yeye na duka lake la vitambaa tu.

Enzi hizo hadubini za wakubwa wa London zilikuwa za kifahari: bomba refu, lenzi mbili au zaidi. Kwa sura zilipendeza, ila picha ilitoka na ukungu, maana kila lenzi iliongeza kasoro yake.

Jamaa akaja kivyake. Alichukua vibati viwili vya shaba ya manjano, akatoboa kitundu kwenye kila kimoja, akabana lenzi moja tu katikati. Nyuma akaweka pini ya kuchomekea kitu, na skrubu za kukisogeza. Basi! Yote haizidi kiberiti. Unaibandika karibu kabisa na jicho, unaelekea kwenye mwanga. Usikadharau hako kadude: moja iliyopo Utrecht inakuza kama mara 270!

Mwaka 1676 aliwaandikia Royal Society ya London kwamba maji yana vijidudu hai. Wasomi wakaguna. Mwaka uliofuata Robert Hooke, bingwa wao wa hadubini, akajaribu mwenyewe. Akaviona! Mwaka 1683 jamaa akakwangua utando wa meno, akakuta bakteria kibao wanacheza. Wewe unayeruka mswaki, upo?

Tatizo lake moja, uchoyo. Alitengeneza lenzi mamia, lakini namna ya kupata zile bora hakumwambia mtu. Mwaka 1723 akafa na siri yake.

Mwaka 2021 watafiti wa huko huko Delft wakaipitishia miale ya nutroni ile ya Utrecht, bila kuifungua. Ndani wakakuta nini? Kigololi cha kioo kilichoyeyushwa motoni. Sasa cheka: mbinu hiyo Hooke alishaichapisha kitabuni mwaka 1665!

Kwa hiyo wasomi walikuwa nayo mkononi siku zote. Hooke alilalamika tu kwamba kutazama kwenye vilenzi hivyo kunaumiza macho. Muuza vitambaa yeye alivumilia, akatazama na kuandika barua kwa miaka 50. Hapo ndipo alipowaacha.