Hedhi imechelewa, kipimo kinaonyesha huna mimba: ufanye nini?

Ulitarajia kuona siku zako wiki iliyopita, hazikuja. Umenunua kipimo duka la dawa, umepima, umeona mstari mmoja tu. Wapo wanaoshusha pumzi, wapo wanaovunjika moyo, na wengi hubaki na swali: kama sina mimba, mbona sioni siku zangu?

Jibu fupi ni hili: kipimo kimoja hakitoshi. Subiri wiki moja, kisha pima tena. Katika wiki hiyo jitunze kama mtu ambaye huenda ana mimba. Lakini kama una maumivu makali ya tumbo, usisubiri. Anza na sehemu inayofuata.

Dalili zisizosubiri

Mimba inaweza kutunga nje ya kizazi, mara nyingi kwenye mrija wa uzazi. Mrija ukipasuka, damu humwagika ndani ya tumbo, na mama anaweza kupoteza maisha kwa muda mfupi hata kama nje anatoa matone tu. Mimba ya namna hii wakati mwingine hutoa homoni kidogo, hivyo mstari wa pili huwa hafifu sana au usionekane kabisa.

Nenda hospitali mara moja, hata kama ni usiku, ikiwa umekosa hedhi na una mojawapo ya haya:

- maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja
- maumivu kwenye ncha ya bega bila kuumia
- kizunguzungu, kuzirai au jasho la baridi
- kutokwa na damu ukeni pamoja na maumivu

Ukifika mwambie mhudumu: "Hedhi yangu imechelewa na tumbo linauma." Sema hivyo hata kama kipimo cha nyumbani kilionyesha huna mimba.

Kwa nini kipimo kinaweza kukosea

Kipimo cha mkojo hutafuta homoni ya mimba. Homoni hii huanza kutoka pale mimba inapojishikiza kwenye ukuta wa kizazi, na hilo halitokei siku ya kukutana na mwenzi wako. Huchukua takriban siku 6 hadi 12 baada ya yai kutoka. Kabla ya hapo, kipimo hakina cha kuona.

Chukua mfano wa mama mwenye mzunguko wa siku 28. Kwa kawaida yai lake hutoka karibu na siku ya 14. Mwezi huu aliugua malaria, au alisafiri msibani, akalala vibaya na kula vibaya, na yai likachelewa hadi siku ya 21. Siku ya 29 anasema, "Nimechelewa," anapima. Kumbe ni siku 8 tu tangu yai litoke. Kama amepata mimba, huenda bado haijajishikiza. Akipima tena siku ya 36, kipimo kina nafasi nzuri ya kuiona. Na kama hakupata mimba, hedhi ingemjia karibu na siku ya 35. Ndiyo maana tunasema subiri wiki moja: mara nyingi wiki hiyo yenyewe hutoa jibu.

Sababu nyingine ni mkojo mwepesi kwa kunywa maji mengi, kipimo kilichopita muda wake, au kusoma majibu mapema mno. Pia, mara chache, mimba iliyokwisha kuwa kubwa huwa na homoni nyingi kiasi kwamba kipimo hushindwa kuisoma. Kama tumbo linakua au unahisi kitu kinacheza, nenda ukapimwe na mhudumu.

Namna ya kupima tena

1. Angalia tarehe ya mwisho kwenye pakiti.
2. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi, kabla ya kunywa chochote.
3. Soma majibu kwa dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo. Usirudi kukiangalia baada ya saa nzima.
4. Mstari wa C usipotokea, kipimo hicho kimeharibika. Tumia kingine.
5. Mstari wa pili ukionekana, hata kama ni hafifu, nenda kituoni ukathibitishe.

Wakati unasubiri

Usinywe dawa za "kushusha hedhi", ziwe za miti shamba au vidonge ulivyoelekezwa na jirani. Kama una mimba, zinaweza kukuletea damu nyingi. Kama imetunga nje ya kizazi, hazitaiondoa. Zitakuchelewesha tu kufika hospitali.

Acha pombe. Ukiugua, mwambie mhudumu au muuza dawa kwamba huenda una mimba kabla hajakupa dawa. Kama unatumia dawa za kila siku za kifafa, presha, kisukari au ARV, usiziache mwenyewe. Wahi kuzungumza na kliniki yako.

Na kama hutaki mimba, tumia kondomu. Yai lililochelewa bado linaweza kutoka wiki hii.

Kipimo cha pili nacho kikionyesha huna mimba

Sasa tunatafuta sababu nyingine. Zilizo za kawaida ni hizi:

- Kunyonyesha. Hedhi inaweza kukaa miezi mingi bila kurudi. Lakini kunyonyesha huzuia mimba vizuri pale tu mtoto hajafika miezi 6, ananyonya maziwa ya mama pekee usiku na mchana, na hedhi haijarudi. Moja likikosekana, unaweza kushika mimba hata kabla ya kuona damu.
- Uzazi wa mpango. Sindano na kijiti vinaweza kukausha hedhi, na damu hiyo "haijikusanyi" tumboni. Ukiacha sindano ya miezi 3, hedhi huweza kuchukua miezi mingi kurudi. Vidonge vya dharura (P2) navyo huweza kusogeza hedhi. Lakini kama una kitanzi na hedhi imekatika ghafla, wahi kituoni.
- Msongo, kupungua au kuongezeka uzito haraka, na ugonjwa.
- Homoni kutokuwa sawa. Dalili ni kama ndevu na chunusi nyingi, tezi ya shingo kuvimba, au maziwa kutoka bila kunyonyesha.
- Umri. Kuanzia miaka ya 40 hedhi huanza kurukaruka. Bado unaweza kupata mimba.

Kama ulitoka damu nyingi sana ulipojifungua, maziwa hayakutoka, na hedhi haijarudi, mweleze daktari. Kutoka damu nyingi huweza kuumiza tezi iliyo chini ya ubongo, na inatibika kwa dawa. Mweleze pia kama hedhi ilikatika baada ya kusafishwa kizazi.

Kwa anayelea binti

Miaka michache ya kwanza baada ya kuvunja ungo, hedhi ya binti huweza kuruka mwezi au zaidi. Usianze na kumtuhumu. Muulize mkiwa wawili, kwa upole, kama kuna mtu aliyemgusa au kumlazimisha. Binti anayeogopa kipigo huficha, na anayeficha hufika hospitali amechelewa.

Lini uende kituoni

Nenda kama vipimo viwili vilivyopishana wiki moja vinaonyesha huna mimba na hedhi bado haijaja, hasa ikifika miezi 3, au mapema zaidi kama una dalili tulizotaja. Nenda na tarehe ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, kadi ya uzazi wa mpango na majina ya dawa unazotumia. Mhudumu anaweza kukupima mkojo au damu, au kukuandikia altrasaundi.

Kuanzia mwezi huu, weka alama kwenye kalenda ya ukutani au kwenye simu siku damu inapoanza. Tarehe hiyo moja itamsaidia sana nesi kujua aanzie wapi.