"Rezo Hakuna": Amri Nne za Kutafuta Kasoro ya Mtandao

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili kinachosemwa Kolwezi, kama ilivyo Likasi na Lubumbashi, sentensi moja fupi hutosha kueleza kasoro zote za mawasiliano ya kompyuta: "rezo hakuna". Neno lenyewe limetokana na Kifaransa, na maana yake ni mtandao. Waya ukichomoka, malipo yakichelewa, mtambo wa mbali ukizimika au jina la tovuti lisipotambulika, sentensi ni ile ile. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna ubaya. Kwa chuo au ofisi inayolipia huduma, hata hivyo, sentensi hiyo haitoshi, kwani haisemi kasoro iko wapi wala nani anapaswa kuiondoa. Matokeo yake ni kwamba mtu hununua kifaa kipya ilhali cha zamani ni kizima, au humlaumu mtoa huduma ilhali kosa liko chumbani mwake.

Makala haya yanakusudia kueleza amri nne zinazomwezesha mtumiaji kutenganisha kasoro hizo, yaani ip, ping, traceroute na dig. Mifano imetolewa kwa mfumo huria wa Linux, ambao kiini chake kilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, na hasa kwa Debian (1993) na Ubuntu (2004) iliyotokana nayo. Aidha, tutagusia istilahi, kwa kuwa asiye na majina mawili hawezi kutofautisha vitu viwili.

2.0 Pakiti na njia yake

Ujumbe unaotumwa mtandaoni hukatwa vipande vidogo. Kila kipande hubeba anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Hapa Kiswahili kina utata: neno "kifurushi" hutumika kwa kipande hicho, kwa programu iliyofungwa tayari kusakinishwa, na pia kwa muda wa maongezi au data inayonunuliwa kwa simu. Katika makala haya kipande cha ujumbe kitaitwa "pakiti", na "kifurushi" kitabaki kuwa programu iliyofungwa.

Safari ya pakiti inafanana na ya behewa. Behewa litokalo Kolwezi kwenda Lubumbashi hupita Tenke, mahali ambapo reli ya Kamina hukutana na ile ya Kolwezi na Dilolo, kisha hupita Likasi. Behewa halijui njia. Ni stesheni ya Tenke inayoamua lishike reli ipi. Katika mtandao kazi hiyo hufanywa na kipanga njia, ambacho wengi hukiita ruta. Kipanga njia cha kwanza, kile kilichomo ndani ya jengo, huitwa lango, kwa sababu kila pakiti inayotoka nje hupitia hapo.

3.0 Kusakinisha

Katika dirisha la amri, mwenye mamlaka ya kusimamia kompyuta ataandika:

sudo apt update
sudo apt install iproute2 iputils-ping traceroute bind9-dnsutils

Mstari wa kwanza huleta orodha mpya ya vifurushi. Wa pili huvisakinisha. Mara nyingi ip na ping huwa zimo tayari. Vitabu vya zamani hufundisha ifconfig badala ya ip, lakini tangu toleo la 9 la Debian (2017) amri hiyo haisakinishwi tena pamoja na mfumo.

Ni dhahiri kwamba zana za kupimia mtandao huletwa na mtandao wenyewe. Kwa hiyo zisakinishwe siku ambayo mawasiliano ni mazuri. Asiye na mawasiliano anaweza kutumia kompyuta nyingine yenye toleo lile lile na aina ile ile ya kichakataji, aandike:

apt download traceroute

kisha abebe faili lililopatikana kwa flashi na kulisakinisha kwake:

sudo apt install ./traceroute_*.deb

Izingatiwe kwamba baadhi ya vifurushi, kama bind9-dnsutils, hutegemea vingine, navyo havina budi kubebwa pamoja.

4.0 Kutumia

Kanuni ni moja: anza karibu, malizia mbali. Kolwezi hupokea umeme wa Inga kwa njia ya waya yenye urefu wa kilomita zipatazo 1,700, iliyokamilika mwaka 1982. Hata hivyo, taa ya nyumbani ikizimika, fundi haanzi na Inga, bali huanza na fyuzi.

4.1 Kompyuta yenyewe

ip address
ip route

Amri ya kwanza huonyesha anwani za kompyuta. Anwani 127.0.0.1 isihesabiwe, kwani ni kompyuta ikijiita yenyewe. Iwapo baada ya neno "inet" hakuna anwani nyingine, au ipo inayoanza na 169.254, basi kompyuta haijapewa anwani na lango lake. Chunguza waya au Wi-Fi. Amri ya pili hutaja lango katika mstari unaoanza na "default via".

4.2 Lango na masafa

ping -c 4 192.168.1.1
ping -c 4 8.8.8.8

Mahali pa 192.168.1.1 iandikwe anwani ya lango lako. Anwani ya pili ni ya huduma ya majina ya Google, iliyo wazi kwa umma tangu 2009. Ping iliandikwa na Mmarekani Mike Muuss mwaka 1983. Jina lake linaiga mlio wa chombo cha kupimia kina cha bahari kwa mwangwi. Hutuma pakiti, hungoja jibu na hupima muda. Alama -c 4 huiamuru itume mara nne tu.

Lango likijibu na anwani ya mbali isijibu, huenda kasoro iko nje ya jengo. Muda nao ni ushahidi. Mwanga husafiri ndani ya nyuzi za kioo kwa takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, hivyo kwenda na kurudi kati ya Kolwezi na Lubumbashi, umbali wa kilomita zipatazo 300, huhitaji milisekunde 3 hivi. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko karibu kilomita 36,000 angani. Swali na jibu huupita umbali huo mara nne, na hakuna ufundi unaoweza kushusha muda chini ya milisekunde 470. Anayeona 600 daima asidhani kifaa chake kimechoka. Pengine pakiti zake hupita angani.

4.3 Stesheni za njiani

traceroute -n 8.8.8.8

Kila pakiti hubeba namba inayopunguzwa kwa moja katika kila kipanga njia. Namba ikifika sifuri pakiti hutupwa, na kwa kawaida mtumaji huarifiwa. Traceroute, iliyobuniwa na Van Jacobson mwishoni mwa miaka ya 1980, hutuma pakiti zenye namba 1, kisha 2, kisha 3, na kuandika stesheni iliyotoa taarifa kila mara. Nyota tatu humaanisha kwamba stesheni haikujibu. Hilo peke yake si kosa, kwani mitambo mingine imeagizwa kunyamaza. Zikianzia mahali fulani hadi mwisho, na ping nayo haijibiwi, uchunguzi uanzie kwenye stesheni ya mwisho iliyojibu.

4.4 Majina

dig NS cd
dig debian.org

Wakati mwingine njia ni nzima lakini majina hayageuzwi kuwa anwani. Amri ya kwanza huuliza seva zipi zinatunza majina yanayoishia na .cd, herufi za Kongo zilizochukua nafasi ya .zr ya enzi za Zaire, ambayo ilifutwa mwaka 2001. Ping ya 8.8.8.8 ikijibiwa na dig ikikosa jibu, kasoro iko katika huduma ya majina. Jibu NXDOMAIN ni jambo jingine: jina lililoulizwa halipo, pengine limeandikwa vibaya.

5.0 Hitimisho

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Menyu hutafsirika, amri hazitafsiriki, kwa kuwa ni majina maalumu kama yalivyo majina ya stesheni. Linaloweza kuwa la Kiswahili, na linalopasa kuwa hivyo, ni maelezo yake: pakiti, lango, kipanga njia, anwani, jina.

Mwenye istilahi hizi anaweza kumwandikia mtoa huduma, akitaja saa na kuambatanisha matokeo ya amri: "Lango linajibu, stesheni ya tatu inajibu, ya nne na zifuatazo hazijibu." Barua kama hiyo haiwezi kujibiwa kwa shauri la kuzima kifaa na kukiwasha tena.